Vibao vya dukani vinavyosomeka kwa maana mbili: lete mfano, tuurekebishe

MchoraVibao

Wakuu, uzi huu ni wa maandishi ya dukani: ofa, saa za kufungua, milango, kurudisha bidhaa, mishale ya kuelekeza. Makosa ya tahajia tuyaache. "Karibuni" ikikosa herufi mteja bado anaingia. Shida ni kibao ambacho kila neno lake ni sahihi, na bado watu wawili wakikisoma wanatoka na maana mbili, halafu ugomvi unaishia kwa keshia ambaye wala hakukiandika.

Naanza na neno linaloongoza kwa kesi: "hadi".

"Bei zimeshushwa hadi 40%." Msomaji wa kwanza anaelewa kwamba punguzo la juu kabisa ni 40%, kwa hiyo kitu cha 100 hakiwezi kushuka chini ya 60. Wa pili anaelewa kwamba bei imeshuka mpaka ikafika 40% ya ile ya zamani, kwa hiyo cha 100 sasa ni 40. Kisarufi wote wako sawa, maana bei hushuka kwa kiasi fulani na hushuka hadi kiwango fulani. Yupo na wa tatu, na hawa ndio wengi: haoni "hadi" kabisa, kwa sababu imeandikwa kwa herufi za ukubwa wa kucha na 40% imejaza ubao mzima. Huyo anataka 40% kwa kila kitu alichobeba.

Kama punguzo ni moja kwa bidhaa zote, andika "Punguzo la 40% kwa bidhaa zote za rafu hii". Kama yanatofautiana, andika kiwango cha chini na cha juu: "Punguzo la 10% mpaka 40%. Angalia lebo ya kila bidhaa." Herufi za maneno zisiwe ndogo kuliko nusu ya kimo cha tarakimu. Kwenye lebo ya bidhaa yenyewe asilimia haihitajiki: bei ya zamani ikatwe kwa mstari, bei mpya iwe kubwa, basi. Mteja hanunui asilimia.

Ya pili ni "Nunua 2 upate 1 bure". Mtu anafika kaunta na vitu viwili, anasubiri cha tatu aletewe. Mwingine anafika na viwili akiamini kimoja kati yake ni cha bure. Ukiandika "Chukua 3, lipia 2" maswali hayo mawili yanakufa papo hapo, kwa sababu umetaja idadi atakayoshika mkononi na idadi atakayolipia.

Leteni mingine.

NyumaYaKaunta

"Chukua 3, lipia 2" ni nzuri, lakini haijamaliza kazi pale bei zinapotofautiana. Kibao lazima kiseme kipi ni cha bure na hesabu inafanywaje mtu akichukua zaidi ya vitatu.

Chukua mfano huu: mteja ana vitu sita, vitatu vya 100 na vitatu vya 40. Jumla ni 420. Mashine ikipanga kuanzia cha bei kubwa na kugawa kwa vitatu vitatu, kundi la kwanza ni 100, 100, 100, na cha bure ni 100; kundi la pili ni 40, 40, 40, na cha bure ni 40. Anaokoa 140, analipa 280. Mashine ikiwa imewekwa itoe bure vile viwili vya bei ndogo kuliko vyote, anaokoa 80 tu, analipa 340. Ofa ni ile ile, vitu ni vile vile, tofauti ni 60. Na mteja mjanja akiambiwa 340 atarudisha vyote kwenye kikapu na kulipa mara mbili, vitatu vya 100 kwanza, kisha vitatu vya 40, foleni ikimsubiri.

Kwa hiyo kabla kibao hakijachapishwa, aliyekiandika aende kwenye mashine ajaribu malipo ya vitu vitatu, vinne na sita vya bei tofauti, kisha aandike kile mashine inachofanya kweli. Mfano: "Chukua 3, lipia 2. Cha bei ndogo katika kila vitatu ni bure." Cha nne kinalipiwa bei kamili; hilo halihitaji kuandikwa, ila keshia alijue.

Ofa nyingine zinazowaumiza watu kichwa kwa hesabu:

"Cha pili nusu bei" ni punguzo la 25% kwa jumla kama vitu viwili vina bei sawa, si 50%. Zikitofautiana, nusu inakatwa kwenye kipi? Andika.

"50% zaidi bure" si sawa na "punguzo la 50%". Pakiti ya 500 ikiwa 750 kwa bei ile ile, kila kipimo kimeshuka kwa theluthi moja, yaani 33.3%. Hapo kibao si kiongo, ila hesabu haitembei kichwani kwa haraka.

"50% kisha 20% ya ziada" si 70%. Cha 100 kinakuwa 50, kisha 20% ya 50 ni 10, unalipa 40. Punguzo ni 60%. Asilimia mbili zikifuatana, mpangilio haubadilishi kitu, ukianza na 20% bado utafika 40. Mpangilio unaleta tofauti pale asilimia inapochanganywa na kiasi: toa 20 kwanza kisha 10%, unapata 72, toa 10% kwanza kisha 20, unapata 70. Kuponi ya kiasi ikikutana na ofa ya asilimia, kibao kiseme ipi inatangulia.

Ya mwisho na ndiyo inayosahaulika kabisa: kiwango cha kufikia kinahesabiwa kabla au baada ya punguzo? "Nunua za 100, usafirishaji bure." Mteja ana bidhaa za 110 zenye punguzo la 20%, analipa 88. Amefika au hajafika? Maneno matatu tu yanatosha: "baada ya punguzo".

Upatanisho

Mmezungumzia hesabu, mimi nitaje sarufi, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake ambayo ukiandika kwa mazoea huioni.

"Viatu na nguo za watoto: punguzo 20%." Kwa mwandishi, vyote ni vya watoto. Kwa mteja mwenye viatu vya mtu mzima mkononi, "za" imepatana na nguo peke yake, kwa hiyo viatu ni vya yeyote. Na yeye ndiye mwenye hoja ya nguvu. Sasa weka nomino mbili za ngeli moja, "Viatu na vitambaa vya shule", na hata hoja yenyewe inapotea: "vya" inaweza kushika vyote viwili au cha mwisho tu. Usihangaike kutafuta kiunganishi, panga mistari:

Nguo za watoto
Viatu vya watoto
Punguzo la 20%

Sifa nayo ikae jirani na nomino yake. "Duka la nguo kubwa" ni duka kubwa au nguo kubwa? "Kubwa" haibadiliki kwa duka wala kwa nguo, kwa hiyo kibao hakina namna ya kukuambia. "Duka kubwa la nguo" haina utata. "Mkoba wa ngozi mpya" vivyo hivyo: mkoba mpya, ngozi mpya, umbo ni lile lile. Lakini "Mikoba ya ngozi mipya" inajieleza yenyewe, hata kama haipendezi sikioni. Ngeli zikitofautiana upatanisho unakuokoa, zikifanana hakuna wa kukuokoa ila mpangilio.

Kisha "tu". Neno hili hubana kilichotangulia. Angalia linavyohama:

"Wanachama tu hupata punguzo la 20% Jumamosi": wasio wanachama hawapati.
"Wanachama hupata punguzo la 20% tu Jumamosi": hapo inaonekana unawadharau kwa kuwapa kidogo.
"Wanachama hupata punguzo la 20% Jumamosi tu": siku nyingine hakuna.

Vibao vingi huwa vinataka kusema ya kwanza na ya tatu kwa pamoja na vinaandika "tu" moja. Igawe: "Kwa wanachama. Jumamosi peke yake."

Na kanusho linalofuatwa na sharti: "Bidhaa hazibadilishwi wala pesa hazirudishwi bila risiti." Mwenye duka akiulizwa atasema bila risiti hakuna lolote. Mteja anaweza kusoma kwamba kubadilisha ni marufuku moja kwa moja, na risiti inahusu pesa peke yake. Geuza iwe chanya na sharti litangulie: "Ukiwa na risiti, unaweza kubadilisha bidhaa au kurudishiwa pesa."

DukaJipya

Nauliza wataalamu. Kwenye malipo kwa kadi tulitaka kuandika "Malipo ya chini kwa kadi: 10". Kuna tatizo?

NyumaYaKaunta

Lipo. "Malipo ya chini" husomeka kama malipo nafuu, na wengine wanaelewa kadi ni kwa malipo yaliyo chini ya 10, kinyume kabisa. Andika "Kadi: kuanzia 10". Na pembeni yake "Chini ya 10: taslimu". Mistari miwili inayokutana, hakuna pengo katikati, na 10 yenyewe inajulikana iko upande gani.

Hii ya mpaka ni ya kuangaliwa kila mahali. "Chini ya bidhaa 10" kwenye foleni ya haraka maana yake ni 9 kurudi nyuma. "Hadi 10" wengi wanaijumlisha kumi, si wote. "Zisizozidi 10" haina ubishi. "Watoto chini ya miaka 12" inamtoa wa 12. Kama unamtaka, andika "miaka 12 kushuka chini". Foleni ya haraka ina swali la ziada: chupa sita zilizofungwa pamoja ni bidhaa moja au sita? Chagua kanuni (kwa kawaida kinachopigwa skani mara moja ni kimoja), uiandike kwa mstari mdogo pale mtu anaposimama, si juu ya dari ambako ni lazima ainue shingo.

MsimamiziJengo

Mimi naleta milango, kwa sababu huko maandishi mabaya hayaishii kwenye ugomvi wa bei.

Mlango wa kuzuia moto. Kibao: "Mlango huu ufungwe wakati wote." Kilichokusudiwa ni kwamba mlango usiachwe wazi, ili moshi na moto visipite haraka kwenda upande wa pili. Lakini "kufunga" kwetu ni kurudishia na ni kutia ufunguo pia. Mlinzi mwaminifu, tena mwaminifu kuliko wote, anasoma, anatii, anapiga kufuli. Siku moshi ukiingia, watu wanasukuma mlango ambao kibao chenyewe kiliagiza ufungwe. Hakuna aliyekiuka amri.

Kibao kinachofaa kinataja makatazo yote mawili, kila moja kwa mstari wake:

Mlango wa kuzuia moto
Usiuache wazi
Usiufunge kwa ufunguo

"Shindika" au "rudishia mlango" ndiyo maneno ya kuufunga bila ufunguo, na wanaoyajua wataelewa, ila kwa jambo la usalama usitegemee neno moja ambalo msomaji wa pili halitumii. Kataza kitendo chenyewe. Na usiache kigingi wala ndoo karibu na mlango huo, maana ndiyo inayotumika kuuzuia usijifunge.

Mlango wa dharura nao: "Mlango huu hautumiki." Hautumiki leo, umeharibika, au hautumiki kuingilia? Mtu anayekimbia hawezi kuuliza. Weka alama ya kimataifa, ya kijani yenye mtu anayekimbilia mlangoni, iliyo kwenye kiwango cha ISO 7010, na chini yake "Kwa dharura. Sukuma utoke." Kijani ni cha njia salama, duara jekundu lenye mstari ni katazo, duara la bluu ni lazima, pembetatu ya njano ni tahadhari. Usiandike "NJIA YA KUTOKEA" kwa nyekundu ndani ya duara eti ionekane vizuri, umeshaifanya katazo.

MchoraVibao

Hapo umegonga penyewe. Nyongeza ya milango ya kioo: "SUKUMA" ikibandikwa kwa stika isiyo na mgongo mzito, aliye upande wa pili anaiona kwa kinyumenyume, na akijitahidi kuisoma anasukuma mlango ambao yeye anatakiwa kuuvuta. Stika za pande mbili ziwe na tabaka jeusi au jeupe lisilopitisha mwanga katikati, nje neno moja, ndani lingine. Au achana na neno kabisa: upande wa kusukuma weka bamba bapa lisilo na mshikio, upande wa kuvuta weka mshikio. Mkono husoma haraka kuliko jicho. Milango inayodanganya mkono huitwa milango ya Norman, kwa jina la Donald Norman, mtaalamu wa usanifu wa vitu vya matumizi aliyeipigia kelele. Mlango wenye mshikio pande zote mbili unaomba kuvutwa pande zote mbili, na maandishi hayawezi kushinda.

Ukubwa wa herufi: kanuni ya mafundi ni kimo cha milimita 25 kwa kila mita 3 za umbali wa kusomea. Bango linalosomwa kutoka mita 12 linataka herufi za milimita 100. Masharti ya ofa yanayosomwa mtu akiwa ameinama kwenye rafu yanaweza kuwa madogo, lakini yawe kwenye rafu hiyo hiyo. Kinyota juu ya bango na maelezo yake nyuma ya kaunta ni mtego, haijalishi nia ya aliyeweka.

Lebo_na_Saa

Saa na tarehe, niandike kwa kirefu kidogo maana hapa kibao cha mlangoni kinapoteza wateja kimyakimya. Mteja hagombani, anaondoka tu.

"Tupo saa 2 – 2." Anayejua saa za Kiswahili anaelewa asubuhi hadi usiku. Anayeangalia simu yake anaona 2 ni baada ya mchana. Na "8:00" peke yake ina ugonjwa huo huo kwa upande wa pili: ni asubuhi, au saa nane mchana? Andika maneno na tarakimu za saa 24 pamoja:

Saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku
08:00 – 20:00

Sifuri ya mbele isiachwe, ndiyo inayoonyesha kwamba mstari wa pili ni wa saa 24.

"Ofa inaisha tarehe 30 saa 6 usiku." Usiku upi, ule unaoianza tarehe 30 au unaoimaliza? Watu hugawanyika hapo. Andika "mpaka tarehe 30 saa 5:59 usiku", au rahisi zaidi, "tarehe 30 ni siku ya mwisho, mpaka tutakapofunga". Mwezi uandikwe kwa jina. 03/04 kwa msomaji wa Marekani ni Machi 4, kwa wengine wengi ni Aprili 3.

"Leo tu" isiyo na tarehe ni kibao kinachosema uongo kuanzia kesho yake. "Nitarudi baada ya dakika 10": kuanzia lini? Andika saa utakayorudi, si muda utakaokaa. Kama hujui, andika namba ya simu.

Halafu kuna hii jozi inayotisha: "Hatufungi Jumapili" na "Hatufungui Jumapili". Herufi moja inaamua kama duka lipo au halipo. Jua likichubua "u", au mtu akipita haraka, maana inageuka. Tumia "Jumapili tupo" au "Jumapili hatupo". Na tafadhali, duka linaandika "Tumefunga". "Tumefungwa" ni ya timu iliyorudi na mabao.

DukaJipya

Na kuhama? Tunahamia upande wa pili wa jengo, kibao cha muda kinasema "Tumehamia duka la pili kulia, ghorofa ya kwanza".

Lebo_na_Saa

Mafumbo matatu ndani ya mstari mmoja. Kulia kwa nani: anayetazama mlango au anayetoka ndani? La pili kuanzia hili, au bila kulihesabu hili? Na ghorofa ya kwanza kwa Kiswahili na kwa Uingereza ni ile iliyo juu ya ile ya chini, ila Marekani "ya kwanza" ni ya chini kabisa. Weka mshale, taja jina au namba ya mlango, na ghorofa iandikwe kama kitufe cha lifti kinavyosema: "→ Mlango namba 14, bonyeza 1 kwenye lifti."

Mshale unaoelekea juu una kisa chake. Kwa kawaida unamaanisha nenda mbele. Ukiuweka karibu na ngazi, watu wanapanda. Kama unataka wapande, chora ngazi au weka mshale wa mshazari unaofuata ngazi. Kama unataka waende mbele, usiutundike penye ngazi.

SheriaZaRafu

Kwa wanaodhani kibao kinamaliza kila kitu kisheria, mambo matatu.

Kwanza, bei iliyo kwenye dirisha au rafu. Katika sheria ya Uingereza, kesi ya Fisher dhidi ya Bell, 1961, iliyohusu kisu kilichowekwa dirishani na bei yake, iliamua kwamba kuonyesha bidhaa yenye bei ni kumkaribisha mteja atoe ombi la kununua. Si ahadi ya kuuza. Kwa hiyo lebo ikikosewa muuzaji anaweza kukataa kuuza kwa bei hiyo. Wenye maduka wanaishia hapo kusoma. Sheria za kulinda mlaji zinashughulikia bei za kupotosha kwa njia nyingine, kwa hiyo "si mkataba" si ruhusa ya kuacha lebo ya uongo ikae.

Pili, bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 28, 2022, zinatakiwa kufuata kanuni kwamba tangazo la punguzo lionyeshe bei ya awali, na hiyo ni bei ya chini kabisa iliyotumika ndani ya siku zisizopungua 30 kabla ya punguzo. Lengo ni kuzuia bei kupandishwa kwa wiki moja ili ishushwe kwa kishindo. Hata pasipo sheria hiyo, ni kanuni nzuri ya kujiwekea, maana wateja wa kudumu wanakumbuka bei.

Tatu, "Bidhaa ikiuzwa hairudi". Mteja aliyebadili mawazo na mteja aliyeuziwa kitu kibovu ni watu wawili. Sehemu nyingi kibao hakiwezi kumnyang'anya wa pili haki yake; Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai pesa yote. Kibao kinachowafunga wote wawili kwa sentensi moja kinampotosha mteja, na kinampa keshia jibu ambalo halitasimama.

Na kodi. Ulaya bei anayoonyeshwa mlaji inajumlisha kodi, Marekani kwa majimbo mengi inaongezwa kaunta. Ukiwa na wateja wa jumla na rejareja kwenye rafu moja, kila lebo iseme "kodi imo" au "kodi haimo". Usiandike "+ kodi" bila kiasi.

DukaJipya

Basi hiki ndicho kibao chetu cha kurudisha bidhaa kabla hakijapelekwa kuchapishwa. Kikateni:

"Ndugu mteja, bidhaa zilizouzwa hazirudishwi isipokuwa kama hazijatumika ndani ya siku 7 na risiti, bidhaa za punguzo na nguo za ndani hazihusiki. Asante kwa ushirikiano."

Upatanisho

"Hazijatumika ndani ya siku 7": siku 7 zinahesabu kutotumika au kurudisha? Kama kilivyo, mtu anaweza kuvaa siku ya nane. "Hazihusiki" na nini, na kukatazwa au na kuruhusiwa? Ukisoma "bidhaa hazirudishwi... hizi hazihusiki", wengine watasema hizi ndizo zinazorudi. Na kanusho ni nne ndani ya sentensi moja.

SheriaZaRafu

Bidhaa mbovu haipo kabisa. Iwe ya kwanza, kwa mstari wake, bila kuichanganya na siku 7.

NyumaYaKaunta

Na hamjasema anarudishiwa nini: pesa, kitu kingine, au hati ya kununulia baadaye. Hilo ndilo swali la kwanza kaunta. Siku 7 pia zinaanza siku gani? Kama siku ya kununua ni ya sifuri, aliyenunua Jumatatu ana mpaka Jumatatu inayofuata. Mwambie keshia aandike siku ya mwisho kwenye risiti kwa kalamu, au mashine iichape.

MchoraVibao

Nimepanga hivi. "Ndugu mteja" na "asante" nimeviondoa, nafasi yake nimeipa herufi.

KURUDISHA BIDHAA

Bidhaa yenye kasoro: ilete na risiti. Tutatengeneza, tutabadilisha au tutarudisha pesa.

Umebadili mawazo: ilete na risiti kabla ya tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye risiti kupita. Iwe haijatumika na lebo haijakatwa. Utachagua kitu kingine au pesa.

Ukibadili mawazo, hivi haturudishiwi: nguo za ndani, na bidhaa zenye lebo ya duara jekundu.

Duara liwe na neno "MWISHO" ndani yake, si rangi peke yake, kwa sababu wapo wasioitofautisha nyekundu na kijani. Kimo cha herufi milimita 10, kikae kaunta kwenye usawa wa macho ya aliyesimama, na nakala iwe nyuma ya risiti.

Upatanisho

"Haturudishiwi" ibadilishe iwe "hatuvipokei". Ilivyo inasomeka kana kwamba duka ndilo linalodai pesa zake. Na "hivi" inapatana na vitu huku orodha ina nguo na bidhaa. Anza hivi: "Ukibadili mawazo, hatupokei nguo za ndani wala bidhaa zenye lebo ya duara jekundu." Mstari mmoja, nukta.

DukaJipya

Nimebadilisha. Kabla ya kuchapa tumewapa watu wawili wa stoo wakisome na kutuambia shati lililonunuliwa jana, likavaliwa, likafumuka mshono, linarudi au halirudi. Mmoja kasema linarudi kwa sababu lina kasoro, mwingine kasema halirudi kwa sababu limevaliwa.

SheriaZaRafu

Linarudi. Kwenye mstari wa kasoro ongeza "hata kama imeshatumika", kisha wapeni watu wengine wawili ambao hawajauona uzi huu.